Kubuniwa, Kufika, Kukaa: Kusoma Habari za Teknolojia Ukiwa Mtanda

Kila siku ina tarehe yake. Ukifungua simu Aprili 3 utakumbushwa kwamba siku kama hiyo mwaka 1973 Martin Cooper alisimama barabarani New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi. Desemba 3 ni zamu ya SMS ya kwanza, 1992. Desemba 16 ni transista, 1947. Novemba 30 ni ChatGPT, 2022. Juu ya kumbukumbu hizo zinamwagika habari za leo: kampuni fulani imetoa simu inayokunjika, nyingine imetoa programu ya akili mnemba inayomaliza insha kabla wewe hujamaliza kusoma swali. Sisi wa elimu tunazipenda habari hizi kwa sababu zinaingia kwenye noti bila usumbufu. Kichwa cha somo "Historia ya Kompyuta", abakasi juu, Charles Babbage katikati, ENIAC chini, kengele inalia, tumemaliza.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya sekondari mkoani Lindi, nikawa nakaa Mtanda, hapo hapo mjini. Siku moja nikawaandikia Kidato cha Pili ile tarehe ya Cooper ubaoni. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na huku ilifika lini?" Darasa zima likacheka. "Huku" ni Lindi, na hakuna aliyezoea kuiona Lindi kwenye somo la namna ile. Lakini swali lilikuwa la maana, na noti hazikuwa na jibu lake. Makala hii ni jaribio la kulijibu, kwa namna ambayo na wewe unaweza kuitumia ukienda TP, au hata ukiwa umejilaza hosteli unapitia habari kwenye simu.

Hoja yenyewe ni fupi. Habari ya teknolojia hutupa mwaka mmoja, mwaka wa kubuniwa. Ipo mingine miwili ambayo haitangazwi sana: mwaka wa kufika, yaani kitu kilipotia mguu kwenu, na mwaka wa kukaa, yaani kilipozoeleka mpaka mtu akaacha kukishangaa. Kati ya mwaka mmoja na mwingine kuna pengo, na ndani ya pengo wapo watu walioamua jambo: serikali, kampuni, benki, wakati mwingine wanakijiji wenyewe. Ukisoma mwaka wa kwanza peke yake unabaki na picha kwamba teknolojia ni kama masika. Inaanzia mbali, inakuja yenyewe, na wewe kazi yako ni kusubiri, tena ukiwa wa mwisho kwenye foleni.

Tuanze na simu, maana ndiyo iliyoleta swali. Cooper ni 1973. Tanzania simu ya mkononi ilianza mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, Dar es Salaam. Pengo la miaka 21. Vodacom ikaja mwaka 2000, na huku kusini mnara mmoja mmoja ukawa unasogea. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuuliza nyumbani: nani alikuwa wa kwanza kuwa na simu mtaani kwenu, na mtandao ulishika wapi? Majibu yaliyokuja yalinifurahisha kuliko kitabu. Mmoja alisema babu yake alikuwa na simu mwaka mzima ambayo ilifanya kazi kwenye kilima tu, kwa hiyo kila Jumapili jioni alikuwa anapanda "kwenda kusikiliza watoto". Mwingine aliambiwa na shangazi yake kwamba simu ya kwanza ya mtaa ilikuwa ya mwenye duka, na dakika moja ililipiwa kama nauli. Ukiangalia hapo, simu *ilikuwa imefika*. Haikuwa imekaa.

Sasa linganisha na M-Pesa. Safaricom waliizindua Kenya mwezi Machi 2007. Tanzania ilianza Aprili 2008. Pengo la mwaka mmoja! Tena miaka michache baadaye tukawatangulia walimu wetu kwa jambo moja: kuanzia 2014 mitandao ya hapa ilianza kuunganishwa, na mwaka 2016 Vodacom nao walipoingia, mtu wa mtandao huu akawa anamtumia wa mtandao ule moja kwa moja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo, wakati sehemu nyingi bado kila kampuni ilikuwa imefunga geti lake. Mbona hiyo hatuikuti kwenye "Leo katika historia"?

Pengo lilikuwa fupi kwa sababu zinazoelezeka. Simu zilishakuwepo mikononi, hata kama ni kitochi. M-Pesa haikudai umeme wa uhakika wala intaneti, ilidai namba za kubonyeza. Na hitaji lilikuwepo kabla ya chombo: kijana anauza maji Kariakoo, mama yuko Mtanda, hela zinakwenda kwa kondakta wa basi ndani ya bahasha, kila mtu anaomba Mungu. Ila tusijidanganye kwamba ilikwenda mteremko. Hapa kwetu ilianza kwa kusuasua; mawakala walikuwa wachache na watu walikuwa na mashaka na hela isiyoshikika. Kilichoikalisha ni mawakala kuongezeka, yule dada wa kibanda cha mwavuli na daftari lake. Hakuna tarehe ya kumkumbuka dada yule, lakini mtambo wote ungekuwa bure bila yeye.

Pengo refu tunalo pia, na lipo kwenye mkoa huu huu. Mwaka 1974 kampuni ya Agip iligundua gesi asilia kwenye kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Gesi hiyo ilianza kutumika kibiashara mwaka 2004. Miaka 30 kamili. Mtoto aliyezaliwa Songo Songo mwaka wa ugunduzi alikuwa na watoto wake wakati gesi inatoka. Na ilipotoka iliingia kwenye bomba lenye zaidi ya kilomita 200, ikapita chini ya bahari, ikapanda nchi kavu, ikaenda kuzalisha umeme Ubungo na kuchoma saruji Wazo Hill.

Hapo mwanafunzi akikuuliza "mwalimu, teknolojia ya gesi ilichelewa kwa nini?", usimjibu kwamba sisi tuko nyuma. Teknolojia ya kuchimba ilikuwepo, si ndiyo iliyogundua? Ya kutandaza bomba baharini ilikuwepo pia duniani. Kilichokosekana ni uamuzi na hela. Mwanzoni gesi ilionekana haitoshi kulipa gharama zake, miaka ikapita na mipango ikibadilika, mpaka uhaba wa umeme wa mabwawa ulipoibana nchi na fedha za mradi zikapatikana, sehemu yake kutoka Benki ya Dunia. Mstari wa 1974 hadi 2004 ni historia ya teknolojia sawasawa na mstari wa transista. Mimi naona unafundisha zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa Kilwa anaweza kumtafuta mtu aliyekuwepo akamuuliza.

Lipo pengo la aina nyingine, lile tuliloliweka wenyewe kwa makusudi. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru. Kwa wakati ule hiyo haikuwa kuchelewa hata kidogo. Halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Televisheni nayo ikawa na habari ya namna hiyo hiyo: Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tukasubiri hadi mwaka 1994 vituo vya kwanza vya binafsi vilipoanza.

Kwenye mijadala ya chuo hapa huwa tunagawanyika pande mbili. Wengine wanasema Mwalimu alituchelewesha, wengine wanasema alilinda fedha za kigeni na ajira za makarani. Mimi siko upande wa marufuku, lakini nadhani wanaolaumu wanasahau nusu ya pili ya hadithi. Miaka ile ile serikali iliyokataa kompyuta ilikuwa inatumia redio kwa ujasiri mkubwa. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza. Kikundi kinakaa chini ya mwembe, redio ya betri katikati, kiongozi aliyefundishwa anashika kitabu, kipindi kikiisha mnajadili, halafu mnakwenda kuchimba choo. Redio ile ya betri ni mtoto wa transista ya 1947. Redio za taa za zamani zilikula umeme mwingi na zisingeweza kuhamahama kijijini. Kwa hiyo ukitaka kujua transista "ilikaa" lini vijijini Tanzania, 1973 si jibu baya. Nasi wanafunzi wa elimu tunaosoma masomo kwa masafa kama kitu kilichozaliwa na Zoom, tungefaidika kurudi hapo kwanza.

Naomba niingize kidogo mashine iliyofika mapema ikashindwa kukaa, kwa sababu watu wakisikia mada hii hudhani kufika ndiyo ushindi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, Kongwa na Urambo, na huku kusini Nachingwea. Matrekta mazito yakaletwa, mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Lindi na Mtwara kwenda Nachingwea. Ardhi ya Kongwa ikikauka ikawa ngumu kama sakafu, mvua zikagoma, vyuma vikachakaa, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli nayo ikasimama mwaka 1962. Leo ukipita maeneo yale unaweza kuonyeshwa tuta tu, reli zenyewe ziling'olewa. Mashine mpya kabisa kwa wakati wake, ilifika na meli, na hakuna aliyemuuliza mkulima wa Kigogo au wa Kimwera mvua ya pale inakujaje.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile kubuniwa ni kwa wenzetu na kufika ni kwetu. Kilwa inakataa.

Kutoka Lindi mjini hadi Kilwa Masoko ni safari ya saa chache kwa basi, halafu boti hadi Kisiwani. Wengi wetu tumekariri kwamba Kilwa ilikuwa tajiri wa dhahabu ya Sofala, kwamba Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, kwamba Husuni Kubwa ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kwamba UNESCO waliuingiza mji kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Sawa. Lakini tukiisoma kama wanateknolojia, kitu cha kutazama ni sarafu. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinakutana kwa vina. Yaani mtu alikaa akatunga kwanza, ndipo akachonga muhuri wa kugongea. Sarafu ndogo ya sokoni, ina kina chake kama ubeti.

Kuigonga sarafu si jambo la mchezo. Unahitaji shaba iliyoyeyushwa na kugawanywa vipande vinavyokaribiana, muhuri mgumu uliochongwa kinyume ili maandishi yatoke sawa, na zaidi ya yote unahitaji soko linaloamini kwamba kile kipande kinathamani kwa sababu ya jina lililomo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Ndilo lile lile lililoisumbua M-Pesa mwaka 2008.

Sasa shida. Sarafu hizo hazina tarehe. Sarafu nyingi za dunia ya Kiislamu za zama zile ziliandikwa mwaka na mji wa kugongwa, lakini za Kilwa haziandiki. Kwa hiyo hazitaingia kamwe kwenye "Leo katika historia ya teknolojia". Wataalamu wamepata taabu kweli kuzipangia nafasi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimweka sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Halafu mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wakapata hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Wafatimi zenye tarehe. Dinari ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1066. Dinari za kigeni zikawa mashahidi, na Ali bin al-Hasan akarudishwa nyuma zaidi ya karne moja, hadi karne ya 11. Fikiria hilo: historia yetu ya teknolojia ilisogea zaidi ya miaka 100 kwa siku moja kwa sababu mtu alichimba mahali sahihi.

Na sarafu hizo zilisafiri. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyekuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, aliokota sarafu chache mchangani, na tano kati yake ni za Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana. Wanafunzi wangu walipolisikia hili hawakutulia tena, kila mmoja ana nadharia yake: nahodha aliyepotea, mfanyabiashara wa Kiholanzi, baharia aliyebeba hirizi. Niliwaacha wabishane dakika kumi nzima. Mwalimu wangu wa njia za kufundishia angeita hiyo ushiriki.

Ninachotaka tuone hapa ni kwamba orodha ya tarehe inapendelea vitu vyenye cheti. Cooper alikuwa na kampuni, na kampuni ilikuwa na mtu wa kuandika siku na saa. Mgonga sarafu wa Kilwa hakuwa na haja hiyo. Ukosefu wa tarehe ukiuchukulia kuwa ukosefu wa ubunifu, umejifungia mlango mwenyewe.

Turudi kwenye habari za kila siku, kwa sababu nataka kuonyesha namna ya kuitumia hii miaka mitatu ukiwa na habari ya leo mkononi. Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilizorota nchi nzima. Wengi tulizima na kuwasha simu, wengine wakalaani bando lao kwamba limeliwa. Baadaye ikajulikana kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, imepata hitilafu kusini, upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa watu wa Lindi ilikuwa mara ya pili ndani ya siku kumi kukatika na dunia, maana kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita Mei 4, na mvua za siku zile zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Malori yakapanga mstari, nyanya zikaozea njiani.

Habari ya Mei 12 iliandikwa kama ajali ya siku moja. Iweke kwenye miaka mitatu. Waya wa kwanza wa baharini kufika pwani yetu ulikuwa wa simu ya maandishi, mwaka 1879, kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini mpaka Durban. Ulitandikwa na kampuni ya Uingereza kwa mahitaji ya Uingereza. Mikongo ya kisasa ya kioo ilifika miaka 130 baadaye: SEACOM Julai 2009, EASSy mwaka 2010. Kabla yake intaneti yetu ilipanda satelaiti na kushuka, ghali na nzito. Ukitazama ramani utaona njia ya 2009 inafuata pwani ile ile ya 1879, na kwamba mikongo miwili tofauti inapita karibu karibu chini ya maji yale yale. Basi swali la habari halikuwa tu "nani kakata?" Ni "kwa nini mizigo yetu yote iko kwenye boti mbili zinazopita mkondo mmoja?" Barabara ya Lindi ina swali hilo hilo. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita nzima ya daraja, likamaliza adha ya pantoni. Lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kikaendelea kuwa vumbi na tope kwa takriban miaka kumi baada ya daraja. Teknolojia ngumu ilitangulia, rahisi ikachelewa.

Habari nyingine ambayo mtu wa Mtanda huisikia kila msimu ni LNG. Kiwanda cha kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika kimepangwa kujengwa Likong'o, kaskazini ya mji wa Lindi. Sayansi yake haina ugomvi: gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri inakuwa kimiminika na ujazo wake unapungua takriban mara 600, ndipo inapakiwa melini. Gesi ya bahari kuu iligunduliwa kuanzia mwaka 2010. Juni 2022 mkataba wa awali ulisainiwa Dodoma kati ya serikali na kampuni za Equinor na Shell. Wananchi walishapisha eneo na kulipwa fidia. Kiwanda chenyewe bado. Nilimsikia mzee mmoja pale stendi akimwambia kijana wa bodaboda aliyekuwa anasoma habari ya mradi kwenye simu: "Mjukuu wangu, hiyo nimeisoma kabla hujaota ndevu." Hakuwa anapinga mradi. Alikuwa anatofautisha kutangazwa na kufika, bila kusoma chuo chochote.

Halafu akili mnemba, ambayo kila mwanachuo ana maoni nayo. Novemba 30, 2022 ndiyo siku ya kubuniwa inayonukuliwa, ingawa hata hiyo ni siku ya kutolewa kwa umma, utafiti ulianza kitambo. Kufika ilifika siku ile ile. Mwenye bando Mtanda aliweza kuifungua sawa na wa London. Kati ya vyombo tulivyovitaja hapa hakuna chenye pengo fupi namna hiyo, na ndiyo maana watu wanadhani safari hii hakuna pengo. Lipo, limehamia kwenye kukaa. Programu hizi hukata maneno vipande kabla ya kuyasoma, na ukataji wake umezoea Kiingereza. Neno letu kama "hatutawafundishia" hukatwa vipande vingi, ambapo Kiingereza kingetumia maneno mafupi yanayobaki mazima. Vipande vingi ni gharama kubwa na nafasi ndogo kwa aliyeuliza kwa Kiswahili. Na maandishi ya Kiswahili iliyojifunzia ni machache mno ukilinganisha. Iulize kwa Kiswahili juu ya kilimo cha ufuta wa Nachingwea, halafu mpelekee majibu mkulima akusahihishie. Mimi nilifanya na nusu ya kidato. Tulicheka, lakini pia tulijaza kurasa mbili za masahihisho, na kurasa zile sasa ni maandishi ya Kiswahili juu ya ufuta ambayo hayakuwepo.

Hapa ndipo ninapoona hatari kwetu hasa tunaokwenda kuwa walimu. Mwalimu anayefundisha mwaka wa kubuniwa peke yake anazalisha mtu wa kusubiri. Mwanafunzi wake atajua transista ilibuniwa wapi na hatajua kwamba gesi iliyo chini ya bahari ya kwao ilikaa miaka 30 kwa sababu watu fulani walikaa mezani wakaamua. Akikua, habari ya Likong'o ataisoma kama hali ya hewa.

Kwa wanaojiandaa na TP, kazi hii haina gharama. Chukua manila tatu, ziunganishe kwa gundi, chora mstari mrefu mmoja. Juu ya mstari weka mwaka wa kubuniwa, katikati wa kufika, chini wa kukaa. Kila kikundi kichague kitu kimoja kilichopo nyumbani kwao: redio, mashine ya kusaga, sola, simu, jenereta, kivuko cha Kitunda. Mwaka wa kwanza watautoa kitabuni. Wa pili watautafuta ofisi ya kata, msikitini, kwa fundi au kwa mwenye duka wa zamani. Wa tatu hautoki kwa mtu mmoja, itabidi waulize nyumba tano au sita na wakubaliane, na hapo ndipo ugomvi mzuri unapoanza. Kikundi cha sola kwangu kiligoma kabisa kuandika mwaka wa tatu. Walisema sola Mtanda imefika, lakini betri zinakufa mapema na fundi wa kuzifufua ni mmoja, kwa hiyo haijakaa. Niliwapa alama zote.

Waambieni wasalimie kwanza kabla ya kuuliza. Kuna kijana aliingia kwa bibi mmoja na daftari, akaanza na "redio ililetwa mwaka gani?", akafukuzwa. Aliporudi na shikamoo, na nusu kilo ya sukari aliyopewa na mama yake, alikaa mpaka magharibi.

Kwenye mstari wetu sarafu ya Kilwa tuliiweka pembeni kabisa kushoto, tukaandika "karne ya 11" kwa penseli. Likong'o iko kulia, ina mwaka mmoja tu juu. Songo Songo bado ina kasoro: tuna 1974 na 2004, lakini hatujapata mtu wa kisiwani wa kutueleza umeme uliingia lini kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliyepangiwa TP Kilwa muhula ujao, au mwenye ndugu Songo Songo, apite ofisi ya jarida aache jina. Nitampa maswali niliyoyaandaa na nauli ya boti tutachangiana.